Spea Baada ya Kuanguka

Pikipiki ikiteleza kwenye kona na kulala ubavu, hasara huonekana palepale: mkono wa klachi umekatika, indiketa inaning'inia kwa waya, pedeli ya gia imepinda hadi inagusa injini. Ukiwa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, urahisi wa kupata spea unategemea chapa. Maduka ya miji midogo huweka kinachotoka, na kinachotoka ni spea za pikipiki wanazoendesha bodaboda wengi. Mwenye Boxer au TVS hahangaiki sana. Mwenye chapa adimu hujikuta akilipia nauli kubwa kuliko kifaa chenyewe, kwa hiyo kabla ya kununua pikipiki tazama kijiweni wanaendesha nini.

Spea ikikosekana, unakwenda Tunduma kwa lami ya Isongole hadi Mpemba, kilomita 50.3, kisha barabara kuu ya TANZAM. Ikikosekana na huko, kuna Mbeya, na mwisho Kariakoo, ambako mzigo hupakiwa kwenye basi.

Kuagiza kwa simu ndiko kunakoponza wengi. Kusema "nataka ya Boxer" hakutoshi, maana BM 100 na BM 150 si pikipiki moja. Taja modeli, kisha tuma picha ya namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na L, pikipiki imetengenezwa China. MA hadi ME ni India, na humo MD2 ni ya Bajaj, MD6 ni ya TVS. Kifaa kilichovunjika usikitupe: kipige picha kikiwa kando ya rula, au nenda nacho dukani. Mikono miwili ya klachi inaweza kufanana kabisa, kumbe mmoja tundu lake la bolti ni pana kidogo. Ukifungwa unacheza, klachi haiachii vizuri, na gia zinaanza kugoma.

Kabla ya kununua indiketa na vioo, kagua shokapu za mbele. Usukani ukiwa umenyooka huku tairi likitazama pembeni, mara nyingi mabomba yake yamehama tu kwenye vishikio: fundi hulegeza bolti, hunyoosha, hukaza, na hununui kitu. Asipofaulu, bomba litolewe na kuviringishwa juu ya kioo. Mwanga ukipenya chini yake, limepinda. Sikubaliani kabisa na kulinyoosha kwa nyundo. Kromu hupasuka, kutu huingia, sili huchanika na oili huvuja, na miteremko ya Ileje haihitaji shokapu ya namna hiyo. Heri bomba la mtumba lililonyooka, ila liviringishe kwenye kioo cha kaunta ya muuzaji kabla hujatoa hela.