MKWECHE WA BABU NA MADAFU YA MOMBASA: Jinsi ya Kukizunguka Kisiwa kwa Gari la Kale

Ndugu msomaji, je, umewahi kusimama nje ya ua wa uwanja wa mbio za farasi pale Ngong Road, siku ya mashindano ya magari ya kale? Mashindano hayo yalianza mwaka 1970, na hutayarishwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Uwanja wenyewe hauko mbali na Kibera, kwa hivyo sisi vijana wa Kibera na Kawangware huenda kuchungulia. Ndani mna magari yaliyoundwa kabla ya wazazi wetu kuzaliwa, nayo hung'ara kama kioo. Waamuzi hukagua rangi, viti na injini, hata huinama kutazama chini, wakitafuta tone la oili au doa la tope.

Kwa babu yangu huko Kawangware kulikuwa na gari la kale pia, ila hilo halijawahi kukaguliwa na mwamuzi. Lilikuwa Peugeot 404, na majirani waliliita "mkweche". Desemba iliyopita tulisafiri nalo hadi Mombasa, tukakizunguka kisiwa huku tukionja vinywaji vya huko. Katika makala haya nitaeleza safari ya namna hiyo hufanywaje, gari la kale huhitaji nini, na ni kinywaji gani kinachomfaa dereva. Mambo mengi nilifunzwa na babu. Mengine nilifunzwa na joto.

GARI LENYEWE

Peugeot 404 lilitokea Ufaransa mwaka 1960, na huko liliundwa hadi mwaka 1975. Huku kwetu lilipata sifa katika Safari Rally. Lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 njia zilikuwa mbaya hata magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Baada ya hapo nani angebishana na "Pijo", kama wazee wanavyolitamka? Pikapu zake zilitiwa mabenchi nyuma zikawa matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria, na miaka michache baadaye babu akawa mmoja wa madereva wake.

Gia ya gari hili iko kwenye usukani, si sakafuni. Halina kompyuta. Ukiwa na spana, bisibisi na kipande cha waya unaweza kulitengeneza kando ya barabara. Shida ni vipuri. Babu alikuwa akizunguka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, kutwa nzima akitafuta gasketi moja.

KWA NINI TULISAFIRI

Mwaka jana karo yangu na ya dada yangu ilituzidi nguvu. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu akaja, akalizunguka gari, akataja bei ya kilo. Pesa hizo hazingetosha hata muhula mmoja. Kisha akatokea bwana mmoja kutoka Karen anayekusanya magari ya kale. Yeye angelipa bei ya gari, si bei ya chuma, lakini alitoa sharti.

"Mzee, likifika Mombasa na kurudi bila kuvutwa, nitalichukua."

Basi mambo yakawa hivyo. Injini ikifa njiani, tungerudi kwa mtu wa vyuma, nami sijui kama ningeingia kidato cha tatu. Tuliosafiri tulikuwa watatu: babu, mjomba na mimi. Babu haoni vizuri usiku, kwa hivyo mjomba angeendesha gizani, naye babu angeendesha mchana. Kazi yangu ilikuwa kutazama mshale wa joto.

NJIANI: GARI NALO HUNYWA

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo kadiri unavyoteremka, ndivyo joto linavyopanda. Hapo ndipo mkweche hutiwa mtihani.

Injini huchoma petroli na kupata joto jingi. Maji huzunguka kando ya silinda, huchukua lile joto, kisha huenda kwenye rejeta kupozwa na upepo. Maji yakipungua, joto halina pa kwenda. Chuma hutanuka, gasketi huungua, na safari huishia hapo. Babu alinipa masharti manne, nami nayaandika hapa kwa faida ya wote:

Kwanza, simama mara kwa mara hata kama gari halijalalamika. Sisi tulisimama Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani.

Pili, usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Maji ya ndani yamebanwa na presha, kwa hivyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Ngoja ipoe, kisha fungua polepole kwa kitambaa.

Tatu, usitie maji baridi ndani ya injini iliyochemka. Chuma huweza kupasuka kama glasi inayotiwa chai moto ghafula.

Nne, ukiteremka mlima, tumia gia ndogo. Ukikanyaga breki njia nzima, zitapata moto na kukataa kushika.

KUKIZUNGUKA KISIWA

Wengi wetu husahau kwamba Mombasa ni kisiwa. Ukitoka Nairobi huingia kupitia Makupa. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe na udongo lililoziba mkondo wa bahari. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa mahali hapo, maji yakapata njia tena. Kutoka Makupa tulifuata barabara hadi Moi Avenue, tukapita chini ya zile pembe kubwa za ndovu. Nilidhani ni pembe za kweli, kumbe ni za bati la alumini!

Tukashuka hadi kivuko cha Likoni, kisha tukaingia Mama Ngina Drive. Ndugu msomaji, hapa ndipo penye uhondo. Barabara hufuata ukingo wa kisiwa, upande mmoja mibuyu minene, upande wa pili Bahari ya Hindi. Meli kubwa zinazoingia Kilindini hupita karibu mno, hata unaweza kusoma majina yake. Sehemu hii ilitengenezwa upya, na Siku ya Mashujaa ya mwaka 2019 ilisherehekewa hapo.

Msongamano wa kivukoni ulikuwa umelichosha gari. Mshale ulipanda, tukaegesha chini ya mbuyu. Kijana mmoja akatuonyesha bahari kwa kidole, akasema maji si hayo tele. Babu akatikisa kichwa. Mimi nami nikatoa ushauri wangu: kwa nini tusitie maji ya dafu? Watu wote wakacheka, lakini sababu ni za maana. Maji ya dafu yana sukari, nayo sukari ikichemshwa hunata na kuziba mirija ya rejeta. Maji ya bahari yana chumvi, nayo chumvi huharakisha kutu. Wanafunzi wa kemia mnajua kwamba chuma hushika kutu kikikutana na maji na oksijeni. Chumvi ikiyeyuka katika maji, umeme hupita kwa urahisi zaidi, na kutu huenda mbio. Ndiyo maana hata upepo wa baharini hula magari ya pwani. Kila jioni tuliliosha gari kwa maji ya mfereji, hasa chini, ambako macho hayafiki.

Tukangoja gari lipoe, nasi tukanywa. Muuza madafu alikuwa mzee wa makamo. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mwataka la maji ama la kukomba?" Sikuelewa, akanieleza. Dafu la maji ni changa, lina maji mengi na halina nyama. La kukomba limeanza kufanya nyama laini ndani, nawe huikomba kwa kipande cha kifuu baada ya kunywa. Likikomaa kabisa huwa nazi, ya kukuna na kupikia. Nilikunywa la maji moja, nikakomba la pili.

Kutoka hapo tulikwenda hadi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011. Tuliliacha gari hapo, maana vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Gari pana likiingia, mwenye mkokoteni atapita wapi? Huko tulikunywa kahawa tungu. Muuzaji huibeba katika dele la shaba lenye makaa chini yake, na humimina katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Haitiwi sukari. Utamu huupata kwenye tende au kashata unayotafuna kando. Jioni tulionja maji ya ukwaju, na ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Kawangware tunayo miwa kwenye mikokoteni, lakini huitafuna, tena makapi tunayatema barabarani!

Mwisho tulipita upande wa Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la zamani la kuelea. Hatukulivuka, kwa kuwa ukilivuka umekiacha kisiwa. Tukageukia Tudor, ambako jamaa yetu alitupa mahali pa kulala. Hapo duara lilikuwa limekaribia kufungika, maana kutoka Tudor hadi Makupa si mbali.

KINYWAJI KIMOJA KILICHOBAKI

Makala haya yangekuwa ya uongo kama nisingetaja mnazi, yaani tembo. Mgema hupanda juu ya mti, hukata ncha ya karara kabla maua hayajafunguka, na hutundika chombo cha kukinga utomvu. Asubuhi utomvu huo ni mtamu. Hamira iliyo hewani huanza kazi mara moja, hivyo kufikia jioni umekuwa mkali, na ukiachwa zaidi huwa siki. Pwani ni kinywaji cha harusi na matambiko, si cha kudharauliwa. Lakini ni pombe. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo mimi nilieleza tu, sikuonja.

Aliyeonja ni mjomba. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa tisa usiku ili tupite Voi kabla ya jua kali, naye ndiye aliyepaswa kushika usukani. Alirudi saa sita usiku kutoka mangweni, akiimba. Babu alikuwa macho. Akanyosha mkono.

"Leta ufunguo."

"Mzee, ni tembo tu. Si chang'aa."

"Leta ufunguo. Gari litalala."

"Na yule mtu wa Karen anatungoja kesho!"

"Angoje. Injini ikiungua nitatafuta nyingine. Wewe nikikuua barabarani, nitakupata Grogan gani?"

Mjomba alikasirika, akalala bila kuvua viatu. Mimi pia nilikasirika, lazima niseme ukweli. Niliwaza: bwana yule akibadili nia, karo imekwenda. Kukicha babu alikwenda kwa jirani kuomba simu, akamweleza mnunuzi kwamba tungechelewa siku moja, na akamwambia sababu bila kuficha. Sikusikia alijibiwa nini. Babu alirudi akasema, "Anangoja," kisha akaanza kuliosha gari.

Tuliondoka usiku uliofuata, mjomba akiwa amekunywa chai tu. Tulisimama mahali pale pale tuliposimama tukienda, na adhuhuri tukafika Kawangware kwa nguvu za gari lenyewe, watoto wakitukimbilia nyuma kutoka Naivasha Road. Bwana wa Karen alikuja jioni hiyo. Alifungua boneti, akachungulia chini, akauliza maswali machache. Kisha akasema kwamba mtu anayekataa kuendesha usiku kwa sababu ya dereva mlevi hawezi kuwa amedanganya kuhusu injini. Akalipa.

Ndiyo sababu mimi niko kidato cha tatu, na dada yangu pia yuko shuleni. Pale uani pamebaki doa la oili. Bibi alitaka kulifunika kwa mchanga, babu akakataa.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kwenda kukizunguka kisiwa cha Mombasa, usiogope gari kwa sababu ya uzee wake. Lipe maji safi kwa wakati wake, lipumzishe, na lioshe chumvi. Naye dereva apewe dafu, kahawa tungu au maji ya ukwaju. Mnazi na ungoje hadi gari limeegeshwa na safari imekwisha. Mashindano ya Ngong Road yakifika mwaka huu, nitakuwa pale uani na babu, tukichungulia. Tukiliona, tutajua ni letu kwa sauti yake kabla ya kuliona kwa rangi.

Hapa naiweka kalamu chini. Haraka haraka haina baraka.