'Kanyagio la mafuta' ni jina linalopotosha dereva na fundi

KAULI 'kanyaga mafuta' imezoeleka mno miongoni mwa madereva humu nchini. Abiria aliyechelewa humrai dereva wa matatu akanyage mafuta, naye dereva huelewa bila kuuliza swali. Kauli hiyo ndiyo iliyozaa jina 'kanyagio la mafuta', yaani kile kifaa kinachokanyagwa kwa mguu wa kulia ili gari liongeze mwendo. Katika makala haya, ninanuia kuonyesha kwamba jina hilo halina ubaya katika mazungumzo ya kawaida, ila hupotosha pale kifaa chenyewe kinapoharibika.

Kwanza, tuangalie namna neno lenyewe lilivyoundwa. Kitenzi 'kanyaga' kikitiwa katika kauli ya kutendea tunapata 'kanyagia'. Irabu ya mwisho ikigeuzwa kuwa 'o', tunapata nomino 'kanyagio'. Ni njia ile ile iliyotupa 'kimbilio' kutokana na 'kimbilia' na 'chujio' kutokana na 'chujia'. Kanyagio basi ni kitu cha kukanyagia. Tunapotaja kanyagio la breki au la klachi, tunataja sehemu inayoamrishwa na mguu. Anayesikia 'kanyagio la mafuta' naye hudhani kwamba mguu unasukuma petroli.

Ukweli ni kwamba haukuwahi kuisukuma. Katika magari ya zamani ya petroli, kanyagio lilivuta kebo, nayo kebo ikafungua kilango cha hewa kwenye kabureta. Hewa ilipoingia kwa wingi, ilivuta petroli pamoja nayo. Katika magari mengi ya siku hizi, hata hiyo kebo haipo. Kanyagio lina sensa mbili ambazo hupima limebonyezwa kiasi gani, kisha huituma habari hiyo kwa kompyuta ya gari kupitia waya. Kompyuta ndiyo huamrisha mota ndogo ifungue kilango cha hewa, nayo ndiyo huamua kiasi cha petroli kitakachonyunyizwa.

Kwa nini sensa mbili? Kwa ajili ya usalama. Kompyuta hulinganisha ishara zake wakati wote. Katika magari mengi, volti za sensa moja huwa nusu ya zile za nyingine. Zikihitilafiana, kompyuta haijui iamini ipi. Huwasha taa ya injini na kuipunguzia injini nguvu ili gari lisije likachomoka lenyewe. Hapo ndipo utamsikia dereva akilalamika, "Gari imekataa kuvuta!"

Nimewahi kushuhudia gharama ya jina baya. Jirani yangu alimweleza fundi kwamba akikanyaga mafuta 'hayafiki'. Fundi, kwa kulifuata neno hilo, alibadilisha chujio la petroli, kisha pampu. Gari halikupona. Fundi wa pili aliunganisha mashine ya kusoma hitilafu, akapata P2138, msimbo unaoashiria kuwa ishara za sensa hizo mbili haziafikiani. Pesa za pampu zilikuwa zimekwenda na maji.

Hata baada ya kusoma msimbo huo, fundi makini hakimbilii kununua kipuri. Huanza kwa kukagua waya na soketi, maana kutu au unyevu huweza kuleta hitilafu iyo hiyo. Akithibitisha kuwa kanyagio ndilo bovu, huzima gari, hutenganisha waya hasi wa betri, huchomoa soketi na kufungua nati mbili au tatu zinazolishikilia. Kwa kawaida sensa haziuzwi peke yake, hivyo kanyagio hubadilishwa zima. La kuzingatia ni nambari ya kipuri. Makanyagio mawili yanaweza kufanana kwa umbo lakini yakatuma volti tofauti, na hili ni muhimu hasa kwa wanaonunua vipuri vilivyotumika kule Kirinyaga Road. Kisha msimbo hufutwa, na fundi hutazama kwenye mashine iwapo ishara zinapanda taratibu bila kurukaruka. Baadhi ya magari huhitaji pia kompyuta ifunzwe upya mahali kanyagio linapotulia likiachiliwa.

Je, tuliiteje basi? Pendekezo langu ni 'kanyagio la mwendo', kwa kuwa linataja kile dereva anachoomba. Anayetaka neno moja anaweza kutumia 'kichapuzi', kutokana na 'chapua', yaani kuongeza kasi. Limeundwa jinsi 'kikokotozi' kilivyoundwa kutokana na 'kokotoa'. Mafundi wa jua kali watazidi kusema 'akselereta', na sioni haja ya kugombana nao, kwa sababu neno hilo la mkopo angalau halitaji petroli.

Kauli 'kanyaga mafuta' nayo ibaki barabarani kama nahau. Ila ukifika gereji, eleza unachokiona badala ya kumtajia fundi ugonjwa: "Nikikanyaga kichapuzi, gari haliongezi mwendo, na taa ya injini imewaka." Sentensi hiyo itamfanya aanze kwa kuisoma kompyuta kabla hajagusa pampu.