Nakala za Leja Zisitegemee Kumbukumbu ya Katibu

Katika vyama vya akiba na mikopo vya Kinondoni na Temeke, leja ya mwanachama iliyokuwa ikiandikwa kwa wino sasa mara nyingi ni faili ndani ya kompyuta. Mathalani, mama muuza samaki wa Tandika huweka akiba yake kila wiki, na hesabu yake yote imo katika faili hilo. Diski ya kompyuta ikiharibika usiku wa kuamkia mkutano mkuu, chama kitabaki na stakabadhi zilizotawanyika na wanachama wenye madai.

Makatibu wengi wanajua kunakili mafaili kwa mkono. Taabu ni kwamba kazi ya mkono husahaulika, hasa siku za kutoa mikopo. Kwa sababu hiyo yafaa kila katibu ajifunze kuandika faili la amri.

Faili la amri ni maandishi ya kawaida ambayo jina lake huishia na .bat. Kila mstari huwa na amri yake, na kompyuta huzitekeleza kwa kufuatana, kutoka juu hadi chini. Utaratibu huu ulikuwamo katika kompyuta za MS-DOS tangu mwaka 1981, na kompyuta za Windows zingali zinaufuata. Hakuna programu ya kununua.

Katibu afungue Notepad na kuandika mistari hii minne:

@echo off
set /p SIKU=Andika jina la leo:
xcopy "C:\LEJA" "E:\NAKALA\%SIKU%" /E /I /Y
pause

Mstari wa kwanza huizuia kompyuta isionyeshe kila amri kwenye kioo. Wa pili humwuliza katibu jina la siku, kwa mfano JUMATATU. Jibu hilo lisiachwe wazi. Wa tatu hunakili folda ya LEJA, pamoja na folda zilizomo ndani yake, kwenda katika flashi iliyopewa herufi E. Wa nne huusimamisha ujumbe kwenye kioo ili katibu asome ni mafaili mangapi yamenakiliwa. Iwapo leja zimewekwa kwingine, au flashi ina herufi nyingine, mstari wa tatu urekebishwe.

Wakati wa kuhifadhi, jina liwe NAKALA.BAT na aina ya faili ichaguliwe kuwa mafaili yote. Vinginevyo Notepad itaongeza.txt mwishoni, na amri hazitatekelezwa. Baada ya hapo, kubofya faili hilo mara mbili kila jioni kunatosha. Leja zifungwe kwanza, kwani faili lililo wazi huenda lisinakilike.

Jina la siku lina maana yake. Kama nakala ingekuwa moja tu, kosa lililoingia katika leja leo lingeifuta nakala njema ya jana. Kwa folda za siku, kosa la Jumatano linaweza kusahihishwa kwa leja ya Jumanne.

Hapana budi kutoa maonyo matatu. Kwanza, amri ya del isitiwe katika faili hili: kinachofutwa kwayo hakiendi katika pipa la taka la kompyuta. Pili, flashi isilale ofisini. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, ambayo baada yake wakazi wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, yalionyesha jinsi maji yanavyochukua vyote vilivyo mahali pamoja. Flashi ikabidhiwe kwa maandishi kwa mjumbe wa bodi, naye aifungie, kwani ina siri za wanachama. Tatu, angalau mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine na salio la wanachama wachache lilinganishwe na stakabadhi.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inavitaka vyama vitunze hesabu zao na kukaguliwa. Mkaguzi wa COASCO afikapo, maelezo kwamba kompyuta iliharibika hayatoshi kuwa hesabu. Fedha ni za wanachama. Mistari minne na dakika chache za kila jioni si gharama kubwa ya kuzilinda.