Kushuka Mlima si Aibu



Wewe unayekaa Poli, Nkoaranga, Ng'iresi au Ngaramtoni, kila asubuhi unafungua mlango na kuuona Mlima Meru. Maji unayokunywa yanatoka huko. Migomba yako na kahawa yako inapata mvua kwa sababu ya mlima huo. Siku nyingine, baada ya usiku wa mvua na baridi kali, unaona kilele kimekuwa cheupe. Watoto wanapiga kelele, "Theluji! Theluji!" Theluji hiyo haikai. Jua likipanda, inayeyuka.

Je, umewahi kwenda kuuona mlima huo kwa karibu pamoja na jamaa yako? Wengi wetu bado. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuupanda. Sisi tunaokaa chini yake tunaupita ndani ya basi tukienda sokoni.

Kutembea milimani pamoja na watoto ni jambo zuri kwa afya. Miguu inapata nguvu, mapafu yanafanya kazi, na akili inapumzika. Baba, mama na watoto wanapata nafasi ya kuzungumza bila haraka. Lakini mlima mrefu una hatari zake. Mtu mwenye nguvu anaweza kufa huko kwa siku moja au mbili, kwa sababu tu aliona aibu kusema anaumwa. Tusome pamoja ili tupande kwa furaha na kurudi salama.

ANZENI KARIBU

Si lazima kufika kileleni ili kuufurahia mlima. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960, na iko karibu na mji. Mwananchi wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Ndani yake mtaona twiga, nyati, ngiri, pongo na mbega wenye manyoya marefu meusi na meupe. Mtaona kreta ya Ngurdoto, ambayo ni shimo kubwa lililobaki baada ya volkano kuzimika. Mtaona maziwa ya Momella na ndege wake. Mnaweza pia kutembea kwa miguu mpaka maporomoko ya Tululusia, mkiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Msiende bila askari. Nyati na tembo hawana mchezo.

Safari ya namna hii inafaa kwa watoto na hata kwa babu na bibi. Chukueni maji, ndizi, viazi vitamu na karanga. Maji ya maziwa ya Momella msiyanywe kamwe. Yana magadi na madini mengi ya floraidi. Floraidi ikizidi hufanya meno ya watoto kuwa na rangi ya kahawia, na huharibu mifupa. Watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki wanayajua mambo haya. Kumbuka kwamba kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Kwa hiyo bebeni maji ya kunywa kutoka mahali mnapopajua kuwa ni salama.

BARIDI INAONGEZEKA KWA HESABU

Sasa tuupande mlima wenyewe. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Kilele cha Meru kina zaidi ya mita 4,560. Katika Tanzania, ni Kilimanjaro peke yake unaouzidi, wenye mita 5,895.

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Piga hesabu. Ukiacha mji ukiwa na digrii 20, kileleni itabaki digrii 1 tu. Hiyo ni mchana. Usiku maji hugeuka barafu ndani ya chupa. Upepo ukivuma na nguo zikilowa, mwili unapoteza joto upesi zaidi.

Mtu anayeshindwa na baridi huanza kutetemeka. Kisha maneno yake yanakuwa mazito na miguu inajikwaa. Mwisho anaacha kutetemeka na anataka kulala tu. Usidhani amepata nafuu. Hapo ndipo yuko karibu na kifo.

Fanya hivi: mwondoe kwenye upepo. Mvue nguo zilizolowa, mvike nguo kavu na mfunike blanketi mpaka kichwani, uso ubaki wazi. Mtu mwingine alale karibu naye ampe joto la mwili. Kama anaweza kumeza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Kama vidole vimekufa ganzi, viweke kwapani. Usivisugue, wala usivikaribishe motoni, kwa sababu havisikii moto na vitaungua.

Pombe usimpe. Watu husema pombe huleta joto. Si kweli. Pombe huipeleka damu yenye joto kwenye ngozi, na baridi inaliteka joto hilo. Mnywaji anajisikia vizuri huku mwili wake unapoa.

Tena, usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, wala ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala wakiota moto na hawaamki. Jambo hili linatuhusu hata nyumbani, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi inapozidi. Jiko likae nje. Blanketi moja zaidi ni bora kuliko jiko chumbani.

HEWA INAPUNGUA NGUVU

Adui wa pili haonekani. Ni wepesi wa hewa. Hebu fikiria hewa inayoupa mwili uhai kama maji ndani ya vikombe. Mtu wa Tanga, kando ya bahari, akivuta pumzi anapata vikombe 10. Wewe wa Arusha unapata 8 na nusu. Juu ya kilele cha Meru utapata karibu 6. Juu ya Kilimanjaro utapata 5 tu.

Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Ukipanda haraka unapata ugonjwa wa mwinuko. Huanza mara nyingi kuanzia mita 2,500. Dalili zake ni hizi:

Kichwa kinauma.
Chakula hakitamaniki, na mtu anaweza kutapika.
Kizunguzungu kinamshika.
Mwili unachoka kuliko kawaida.
Usingizi hauji.

Ukiona kichwa kinauma pamoja na mojawapo ya dalili nyingine, usiendelee kupanda. Pumzika hapo hapo, kunywa maji, ngoja. Ukipona, endelea polepole. Usipopona, shuka.

Zipo dalili nyingine ambazo ni za kifo. Mtu anahema sana hata akiwa amekaa. Anakohoa na kutoa povu, pengine lenye rangi ya damu. Hapo mapafu yake yanajaa maji. Au anayumba kama mlevi, hajui alipo, anasema maneno yasiyoeleweka. Hapo ubongo wake unavimba. Mtu huyo asingoje asubuhi. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Abebwe kama hawezi kutembea, na asiachwe peke yake. Dawa yake kubwa iko chini, kwenye hewa nzito. Akifika chini apelekwe hospitali hata kama anasema amepona.

PANDA POLEPOLE

Njia ya Meru inaanzia Momella, kama mita 1,500. Siku ya kwanza watu hulala Miriakamba, mita 2,500 hivi. Siku ya pili hulala kwenye kibanda cha Saddle, karibu mita 3,570. Kisha usiku wa manane huanza safari ya kileleni.

Ona sasa. Kutoka Miriakamba mpaka Saddle ni zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Waganga wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwa hiyo mwenye nafasi na alale usiku mmoja zaidi njiani. Wengine wakifika Saddle hupanda Meru Ndogo, mita 3,820, halafu hurudi kulala chini yake. Hiyo ni desturi nzuri: tembea juu, lala chini.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha njia ya kupona. Mgonjwa akizidiwa Saddle, akishushwa mpaka Miriakamba amekwisha kushuka mita 1,000. Mara nyingi hizo zinatosha kuokoa maisha.

NANI ASIENDE JUU?

Mtoto mchanga asipelekwe juu sana. Hawezi kusema, "Mama, kichwa kinaniuma." Atalia tu, nawe utadhani ana njaa. Tena mama anayembeba anatembea na kutoa jasho, lakini mtoto mgongoni hatembei. Mama anaona joto, mtoto anapoa. Hata katika matembezi ya chini, mguse miguu na tumbo mara kwa mara.

Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu asiende juu. Hewa nyepesi na baridi huweza kumletea maumivu makali. Mama mja mzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa damu na mwenye pumu waende kwanza kwa mganga wapate ushauri. Mwenye mafua makali au homa asubiri apone.

Jua la mlimani pia ni kali kuliko la chini, hata kama kuna baridi. Theluji hulirudisha machoni kama kioo. Vaeni kofia pana na miwani ya jua. Mwenye ualbino afunike ngozi yake yote.

MANENO KWA VIJANA WAGUMU

Vijana wengi wa vijiji vyetu hubeba mizigo ya wageni huko Meru na Kilimanjaro. Tunawaita wagumu. Lakini jina halizuii baridi. Kijana anapanda na viatu vilivyotoboka na sweta moja. Kichwa kinamuuma, naye ananyamaza. Anaogopa kukosa mshahara. Anaogopa wenzake watamcheka.

Kijana, huo si ugumu. Kuzaliwa chini ya mlima hakukukingi na ugonjwa wa mwinuko. Huko Kilimanjaro kanuni ni kwamba mpagazi asibebe mzigo wa mgeni unaozidi kilo 20. Ijue kanuni hiyo, uidai. Usikubali safari kama huna koti la mvua, viatu vizima, soksi kavu na blanketi au mfuko wa kulalia. Na ukiumwa, mwambie kiongozi siku hiyo hiyo.

Nanyi wazazi, tusiwafundishe watoto kuficha maumivu. Mtoto akisema, "Baba, kichwa kinaniuma," usimjibu, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Mjibu, "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu. Tupumzike." Mtoto aliyezoea kusikilizwa atasema mapema. Aliyezoea kunyamazishwa atasema wakati umekwisha pita.

WAONYESHENI WATOTO

Mlima ni sehemu ya historia yetu. Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro. Lakini barafu ya mlima huo inakwisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007, zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za eneo la barafu hiyo zilitoweka. Waonyesheni watoto wenu sasa, hata kwa mbali. Asubuhi yenye anga safi, ukiwa Momella, unaweza kuuona Kilimanjaro wote.

Basi ndugu msomaji, chagua Jumamosi moja ya ukavu. Epuka miezi ya mvua za masika, Machi mpaka Mei, maana njia huteleza. Pika makande, jaza chai kwenye chupa, uwachukue mama watoto na watoto. Tembeeni mpaka mwenye miguu mifupi achoke, kisha rudini. Mlima hauhami. Mkishindwa leo, mtakuja tena kesho. Aliyeshuka akiwa mzima ndiye aliyeshinda.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Taja dalili tatu za ugonjwa wa mwinuko. Ukiziona utafanya nini?
2. Kwa nini pombe haifai kwa mtu aliyeshikwa na baridi?
3. Katika kijiji chenu, jiko la mkaa huwekwa wapi usiku wa baridi? Mtafanya nini kuanzia leo?
4. Kwa nini watu huona aibu kusema wanaumwa? Tuibadilisheje tabia hiyo nyumbani?