Kadi moja kwa mtu mmoja

SAA kumi na mbili asubuhi, katika baridi ambayo hata Byumba sijawahi kuiona, nilikuwa nimepanga foleni nje ya ukumbi mmoja mkubwa nchini Uholanzi, nimevaa koti la shemeji yangu lililonifika magotini. Ilikuwa mwaka 2024. Foleni haikuwa ya viza wala ya mkate. Ilikuwa ya kadi moja ya karatasi ngumu, inayoingia mfuko wa shati, yenye picha ya mnyama ambaye hayupo duniani.

Msomaji asicheke. Mbele yetu kulikuwa na watu wapatao 200, na baadhi yao walikuwa wamelala pale pale kwenye viti vya kukunja.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada yangu anayeishi huko, na mwanawe wa miaka 12 ndiye aliyeniomba nimsindikize. Mama yake alikuwa kazini, baba yake hana uvumilivu na mambo hayo. "Mjomba, twende wote," aliniambia, "kila mwenye tiketi anapewa kadi moja."

Kwa asiyezijua, kadi hizi si karata za kamari. Kila mchezaji hukusanya kadi zake mwenyewe, hupanga fungu lake, kisha hupambana na mwenzake mezani. Mchezo wa kwanza uliovuma wa aina hiyo, Magic: The Gathering, ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Kadi za Pokémon, ambazo mpwa wangu amejaza sanduku zima chini ya kitanda, zilianza Japani mwaka 1996. Huuzwa katika vipakiti vilivyofungwa, hujui kilichomo mpaka ufungue. Nyingi ni za kawaida, chache zimefanywa adimu kwa makusudi. Halafu kuna zile za toleo maalumu, zinazotolewa kwenye makusanyiko ya mashabiki, siku hiyo tu, na zikiisha zimeisha.

Hapo ndipo biashara inapoingia. Kadi iliyotolewa bure saa nne asubuhi, saa tano inatangazwa kwenye mtandao kwa bei ya mbuzi. Na zipo zilizompita mbuzi na ng'ombe wake. Mwaka 2021 Mmarekani mmoja maarufu, Logan Paul, alipata kadi moja ya Pokémon kwa thamani ya dola 5,275,000. Kadi hiyo ilianza maisha yake kama zawadi ya washindi wa mashindano ya kuchora huko Japani.

Milango ikafunguliwa. Mbele yetu kulikuwa na vijana kama 15, wa chuo kwa kuwatazama, ambao hawakuonekana kuwa na habari yoyote na kadi. Walikuwa wakichezea simu zao. Kila mmoja alionyesha tiketi, akapewa kadi, akatokea mlango wa pembeni. Nje alisimama bwana mmoja mwenye begi la mgongoni. Kijana anatoa kadi, anapokea noti, anakwenda zake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Tangazo lilisema kadi moja kwa mtu mmoja, na kila mtu alichukua moja. Ila zote ziliishia katika begi moja.

Nikakumbuka mawe. Walioishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajua ninachosema. Ikisikika kwamba sukari imefika duka la ushirika, watu walikwenda usiku kupanga mawe ya kushikia nafasi, kila jiwe ni mtu. Kulipokucha ungekuta bwana mmoja ana mawe kumi, na watoto kumi wa kukodi wa kuyasimamia.

Sisi tulipata, mpwa wangu yake na mimi yangu. Watu wachache baada yetu, mgawaji aliinua mikono kuonyesha kwamba zimeisha. Miongoni mwa waliokosa alikuwa binti wa miaka tisa hivi, aliyekuja na baba yake kwa treni ya alfajiri. Asubuhi nzima alikuwa akimwonyesha mpwa wangu albamu yake, ukurasa kwa ukurasa, na nafasi tupu aliyoiacha kwa ajili ya kadi ya siku hiyo.

Tulipotoka, yule bwana wa begi alinifuata. Nadhani aliona mzee wa Kiafrika ameshika kadi kama mtu aliyeshika risiti, akajua hapa pana biashara. Akataja euro 100. Nikanyamaza, si kwa ujanja, ni Kiingereza changu tu kilichochelewa. Akapandisha mpaka 120. Kichwani nikazibadilisha: zaidi ya faranga 160,000 za kwetu. Binti alikuwa amesimama na baba yake kando ya uzio, macho mekundu. Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona.

Niliuza. Sikufikiri hata nusu dakika.

Kwenye treni mpwa wangu alinyamaza vituo viwili. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili cha Karagwe alichofundishwa na mama yake: "Mjomba, mama alisema zamani bibi alifungwa kwa ulanguzi. Ulanguzi ni nini?"

Nilimweleza. Machi 1983, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Edward Sokoine, aliongoza msako mkali dhidi ya wale walioitwa wahujumu uchumi na walanguzi. Bidhaa zilikuwa zimeadimika nchi nzima, na zilizofichwa zilianza kutupwa mitoni na porini kwa hofu. Wakubwa walikamatwa, na wadogo pia. Mama yangu, mkimbizi aliyelea watoto watano, alikuwa akivuka Murongo na maharage kwenda Kikagati upande wa Uganda, akirudi na sabuni na chumvi. Walimkuta na miche 12 ya sabuni. Alilala mahabusu siku tano, na jina la mlanguzi likamfuata pale kijijini mpaka tuliporudi Rwanda mwaka 1995.

Maisha yangu yote nimemtetea. Mama alitoa sabuni mahali ilipokuwepo akaipeleka mahali isipokuwepo. Alibeba mzigo kichwani, akahatarisha shingo yake mtoni, na kijiji kizima kilifua nguo. Faida aliyoongeza ilikuwa ujira wa miguu yake. Wasomaji wa Rusumo na Kagitumba hawahitaji kufafanuliwa hilo, ndilo wanalolifanya kila siku. Nikamwambia mtoto: huyo si mlanguzi, huyo ni mchuuzi.

Akafikiri, akaniuliza: "Na wewe leo kadi umeivusha kutoka wapi kwenda wapi?"

Ilikuwa imevuka hatua tatu, kutoka mfuko wangu kwenda begi la yule bwana. Na yule binti alikuwa pale pale. Bila mimi na yule bwana na wale vijana 15, kadi ingemfikia yenyewe, tena bure. Hatukumletea kitu. Tulisimama kati yake na kitu chake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jinsi wenye mambo haya wanavyogombana juu yake, na nimegundua ugomvi huu ni mkongwe karibu sawa na kadi zenyewe. Mwaka 1994, mchezo wa Magic ukiwa na mwaka mmoja tu, kadi iitwayo Nalathni Dragon ilitolewa kwa waliohudhuria kusanyiko la Dragon Con mjini Atlanta, Marekani. Wachezaji wa kwingineko walikasirika: kwa nini kadi ya mchezo wanaoucheza wote iwe ya wenye nauli ya kwenda Atlanta? Kampuni iliwasikia, ikaigawa pia kupitia gazeti lake, The Duelist.

Hapo ndipo sukari na kadi zinapoachana. Sukari ya mwaka 1983 haikuwepo kwa sababu viwanda vilikwama na fedha za kigeni ziliisha. Kadi haipo kwa sababu mtu ameamua mashine izimwe. Uhaba wenyewe ndio bidhaa. Kwa hiyo ninapomlaumu bwana wa begi, ambaye kweli nina kinyongo naye na noti zake nilizila, siwezi kumsahau aliyechapa kadi chache akijua ukumbi utajaa.

Lakini kuchapa zaidi nako kuna wenyewe wanaolia. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilitoa toleo liitwalo Chronicles, ikachapa upya kadi za zamani ili wachezaji wapya nao wazipate. Waliokuwa wamezinunua kwa bei ya juu na kuzihifadhi kama akiba waliona thamani inaporomoka, wakaja juu. Mwaka 1996 kampuni ikatangaza orodha ya kadi ambazo haitazichapa tena kamwe, na orodha hiyo imeendelea kuheshimiwa. Mimi niko upande wa anayetaka kucheza. Hata hivyo namwelewa huyo mwingine pia, kama ninavyomwelewa mfanyabiashara aliyejaza stoo mahindi ya bei ghali, kisha mpaka ukafunguliwa na mahindi ya bei nusu yakaanza kuingia.

Dawa bado haijapatikana. Vuli ya mwaka 2023, Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam lilikuwa likitimiza miaka 50, likashirikiana na Pokémon. Mtoto akizunguka na kujaza karatasi ya maswali kuhusu michoro, alipewa kadi ya Pikachu aliyevaa kofia ya kijivu, kwa mfano wa picha ambayo Van Gogh alijichora mwenyewe mwaka 1887. Wazo zuri, kadi inalipiwa kwa kujifunza. Bahati mbaya walanguzi nao wanajua kusoma. Siku ya ufunguzi, Septemba 28, watu walivamia duka la makumbusho wakagombania bidhaa, na kadi zikatokea mtandaoni kwa mamia ya euro. Katikati ya Oktoba makumbusho yalitangaza kwamba yanaacha kutoa kadi hiyo, yakitaja usalama wa wageni na wafanyakazi. Mtoto aliyekuja wiki iliyofuata alitazama michoro tu. Pengine si hasara.

Marekani ilifika pabaya zaidi. Mei 2021, ugomvi wa kadi za michezo katika maegesho ya magari ya duka moja jimboni Wisconsin uliishia kwa mtu kutoa bastola, na kampuni ya Target ikasimamisha kwa muda uuzaji wa kadi katika maduka yake. Bastola, kwa karatasi!

Comic-Con ya San Diego ilianzisha bahati nasibu kwa baadhi ya mabanda ya bidhaa za toleo maalumu, ili aliyelala nje asimshinde asiyeweza kulala nje. Mpwa wangu anaipenda njia hiyo. Mimi naona vijana 15 wa kukodi watacheza bahati nasibu mara 15. Afadhali kidogo, kwa kuwa bwana wa begi atalipia tiketi 15 bila uhakika wa kupata kitu, na mlanguzi hapendi kubahatisha. Ningependa zaidi wachape za kutosha kwa kila tiketi waliyouza. Tiketi wanazihesabu wao wenyewe.

Niliporudi nyumbani, Kirehe, nilimletea mama blanketi zito nililolinunua kwa zile hela. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsimulia yote, pamoja na mawe na mahabusu. Aliuliza kama kadi inaliwa. Nikasema hapana. Akauliza kama inafua. Tukacheka.

Kisha akasema: "Kwa nini hukumuuzia yule mtoto?"

"Baba yake asingetoa euro 120, mama."

"Ulimuuliza ana ngapi?"

Nikasema sikumuuliza. Akapepeta ungo mara mbili, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage.