Miraba Minane ya Jirani

Tafuta bao la drafti na vizibo 40 vya soda. Vilaze 20 chali na 20 kifudifudi, uvitawanye ovyo juu ya miraba 64. Sheria ni moja: kizibo kinaridhika endapo angalau theluthi ya majirani zake ni wa kundi lake. Kisichoridhika kihamishie mraba ulio wazi kitakapotulia. Endelea hivyo, na polepole utaona chali vinajikusanya huku, kifudifudi kule. Hakuna kizibo kilichowachukia wengine; kila kimoja kilikuwa radhi kuishi kikiwa kimezidiwa idadi.

Mchumi Thomas Schelling alichapisha mchezo huu mwaka 1971, yeye akitumia sarafu, kueleza ubaguzi wa makazi kwa rangi. Leo unasaidia kuelewa ramani ya kura ya Marekani. Katika kitabu chake cha 2008, The Big Sort, Bill Bishop alihesabu kaunti ambako mgombea urais alishinda kwa tofauti ya asilimia 20 au zaidi. Mwaka 1976, takriban robo ya wapiga kura waliishi katika kaunti za namna hiyo. Kufikia 2004, walikuwa karibu nusu.

Je, watu huhama wakifuata chama? Mwaka 2017, watafiti Jonathan Mummolo na Clayton Nall walionyesha kwamba wengi wangependa majirani wa chama chao, lakini bei ya nyumba, usalama na shule hutangulia. Siasa huingilia mlango wa uani. Uchunguzi wa mwaka 2014 wa kituo cha utafiti cha Pew uliwakuta wahafidhina sugu, watatu kati ya wanne, wakitaka nyumba kubwa zilizoachana, hata kama duka liko mbali. Waliberali sugu, asilimia 77, walichagua nyumba ndogo zilizobanana, mradi shule na duka vifikike kwa miguu. Anayetafuta uwanja na anayetafuta duka hawajaulizana kadi za chama, lakini tayari wameshapishana njia.

Wengine hawakuhama kabisa. Katika majimbo ya Kusini, Wazungu wengi walibaki palepale wakakihama chama cha Democratic.

Siku ya matokeo, aliyeshindwa husema: “Mbona kila ninayemjua alimpigia wetu?” Hadanganyi. Amehesabu miraba minane inayomzunguka. Bao lina 64.