Katamarani: Mtaka cha Mvunguni Ainame

Kila Oktoba, bandari ndogo ya Annapolis katika jimbo la Maryland, Marekani, hujaa milingoti. Maonyesho ya mashua za tanga yamekuwa yakifanyika hapo tangu mwaka 1970, na mashua hazipandishwi majukwaani. Zinaelea majini zikiwa zimefungwa kwenye magati ya muda. Mgeni anavua viatu, anaviacha kikapuni, anapanda. Mbele ya katamarani mpya foleni huwa ndefu. Watu wanataka kuona friji, jiko, kitanda cha watu wawili chenye dirisha la kutazama bahari, na choo kwa kila chumba. Wanashuka wakitabasamu. Ni nadra kumwona aliyechuchumaa gatini kabla ya kuvua viatu, akachungulia chini ya sebule ile. Na chombo hiki kinaanza kueleweka huko mvunguni.

Katamarani ni mitumbwi miwili mirefu, myembamba, iliyounganishwa kwa daraja, na sebule imejengwa juu ya daraja hilo. Kati ya sakafu ya daraja na maji pana uvungu. Kwa mashua ya mita 12 hivi, uvungu wa sentimita 70 au 80 ni wa kuridhisha, na ukizidi hapo ni heri. Ukipungua, mawimbi yanayopita katikati ya mitumbwi huigonga sakafu kutoka chini. Kishindo chake si kama cha wimbi linalopiga ubavuni. Ni kama mtu amebamiza mlango chini ya nyayo zako, vikombe vinaruka mezani, na baada ya muda kidogo anabamiza tena, usiku kucha. Kwa hiyo inama utazame. Uvungu laini, ulio sawa kuanzia omo hadi tezi, ni dalili njema. Ukiona vidato vinavyoshuka kuelekea majini, jua mbunifu amechukua kimo cha uvungu ili aliyelala juu apate kitanda kipana.

Mashua ya kawaida ya safari husimama kwa farumi. Mkuku wake hubeba risasi au chuma, mara nyingi kiasi cha theluthi ya uzito wa chombo kizima, na upepo ukiilaza, uzito ule huivuta irudi. Katamarani haina farumi. Inasimama kwa upana wake. Chukua katamarani iitwayo Leopard 42: urefu mita 12.67, upana mita 7.04, uzito tani 12 na ushei. Kutoka katikati ya mtumbwi mmoja hadi katikati ya mwingine ni kama mita 5, kwa hiyo upepo ukitaka kuunyanyua mtumbwi wa upande wa joshi, sharti uzishinde zile tani 12 zilizokaa mita mbili na nusu kutoka kwenye egemeo lake. Ndiyo maana chai hukaa kikombeni, na mtoto hucheza sakafuni mashua ikiwa imejaza matanga.

Utulivu huo una deni lake. Mashua yenye mkuku mzito ikizidiwa hulala, tanga linamwaga upepo, na nahodha anapata onyo kwa miguu yake mwenyewe. Katamarani hailali. Nguvu yote ya dhoruba ya ghafla inakwenda kwenye mlingoti, nyaya na tanga, huku waliomo sebuleni hawahisi lolote. Basi nahodha wake hupunguza tanga kwa kusoma kipimo cha upepo: upepo ukifika noti fulani anakunja mkunjo wa kwanza, ukiongezeka anakunja wa pili, bila kungoja chombo kimlalamikie. Ikitokea ikapinduka hairudi. Inabaki ikielea kichwa chini, tulivu vilevile kama ilivyokuwa wima. Kwa sababu hiyo katamarani nyingi zina dirisha dogo la kutorokea karibu na mstari wa maji, upande wa ndani wa mtumbwi. Wageni wengi hulipita wakidhani limewekwa kuleta mwanga.

Jina lenyewe linatoka India ya kusini. Kwa Kitamil, *kattu* ni kufunga na *maram* ni mti, na kattumaram ni chelezo cha magogo yaliyofungwa pamoja, ambacho wavuvi wa huko walikitumia kuvuka mawimbi ya ufukweni. Hakina mitumbwi miwili hata kidogo. Wazungu walilichukua jina, kisha wakalibandika kwenye chombo kingine kabisa: mitumbwi pacha ya watu wa Bahari ya Pasifiki, walioendesha vyombo hivyo maelfu ya maili bila dira. Kwamba safari hizo ziliwezekana ilithibitishwa upya mwaka 1976, pale mtumbwi pacha uitwao Hōkūleʻa, uliofungwa kwa kamba, ulipotoka Hawaii hadi Tahiti. Mwelekezi wake alikuwa Mau Piailug kutoka kisiwa cha Satawal, aliyesoma nyota na mawimbi tu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hekima hiyo ya kusimama kwa upana kwa jina jingine. Ngalawa ni gogo lililochongwa, jembamba kiasi kwamba peke yake lingepinduka mara moja. Linasimama kwa sababu ya matengo yaliyonyooshwa huku na huku. Wataalamu wengi wanaona kwamba ufundi huu uliletwa na mabaharia wa jamii moja na hao wa Pasifiki, waliovuka Bahari ya Hindi na kulowea Madagaska. Ukiitazama ngalawa ikirudi Nungwi kwa upepo wa kusi, tengo moja likipasua maji na jingine likiwa hewani, umeona hesabu ileile ya Leopard 42: mwili mwembamba kwa ajili ya mbio, upana kwa ajili ya kusimama.

Magharibi ilichelewa kukubali. Mwaka 1876 Nathanael Herreshoff alileta katamarani yake, Amaryllis, kwenye mashindano ya New York, akaziacha mashua nyingine nyuma sana, kisha akazuiwa kushindana nazo. Katikati ya miaka ya 1950 Mwingereza James Wharram alijenga Tangaroa, katamarani ya futi zisizofika 24, akavuka nayo Atlantiki pamoja na wanawake wawili. Bila ukaidi wa watu wa namna hiyo, foleni ya Annapolis isingekuwepo.

Sehemu kubwa ya vyombo vinavyopangiwa foleni leo hutoka Ufaransa, lakini Leopard hujengwa Afrika. Kampuni inayozijenga, Robertson and Caine, ilianzishwa mwaka 1991 mjini Cape Town, na mbunifu wa mashua zake nyingi ni Alexander Simonis. Kuta za mashua hizo ni mkate wenye nyama katikati: tabaka la faibaglasi, mti mwepesi wa balsa, tabaka jingine la faibaglasi, na pampu hufyonza hewa ili resini ipenye kila pembe bila kuacha mapovu wala uzito wa bure. Nyingi huwafikia wanunuzi kwa kuendeshwa na mabaharia wachache kutoka Cape Town, kupitia kisiwa cha Saint Helena, hadi upande wa pili wa Atlantiki. Nalitaja hili kwa sababu kwenye gati lilelile la Annapolis pana sanamu ya mwandishi Alex Haley akiwasomea watoto, mahali alipoandika kwamba mhenga wake Kunta Kinte alishushwa utumwani mwaka 1767. Ninapowaza chombo kilichoundwa na mikono ya mafundi wa Kiafrika kikifunga kamba hapo, sebule yake na friji yake havina uzito tena machoni pangu.

Uzito, hata hivyo, ndio adui wa katamarani. Chombo chochote kinachosukuma maji huzaa wimbi lake chenyewe, na kadiri kinavyoongeza mwendo wimbi hurefuka, mpaka kinajikuta kimekaa bondeni mwa wimbi hilo, hakiwezi kupanda. Mashua pana yenye mita 12 na nusu kwenye mstari wa maji hunasa kwenye noti 8 au 9. Mtumbwi mwembamba huzaa wimbi dogo, hivyo unaupita mpaka huo. Lakini ni lazima ubaki mwembamba. Eneo la maji linalobeba mitumbwi miwili ya ukubwa huu ni kama mita 20 za mraba, maana yake kila kilo 200 huishusha mashua kwa sentimita moja hivi. Lita ya maji ni kilo. Ongeza tangi lililojaa, dizeli, jenereta, mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji, mashine ya kufulia, nanga ya akiba, mashua ndogo na injini yake, na vyakula vya miezi mitatu. Tani mbili zinakwisha hapo, na sentimita 10 za uvungu zimekwenda nazo. Mashua uliyoiona Annapolis ilikuwa tupu.

Ukishamaliza kuchungulia uvungu, zunguka hadi tezi. Tazama ngazi ya mwisho, ile ya kushukia majini. Kwenye maonyesho chini yake huwa pana nafasi kati ya ukingo na maji, na maji huachana na mtumbwi kwa utulivu. Kwenye mashua iliyoishi baharini miaka miwili, ukingo huo mara nyingi umezama na maji yanaburutwa nyuma yake kama shuka. Kisha tazama rangi ya chini, ile ya kuzuia chaza na mwani. Wenye mashua wengi hulazimika kuipandisha juu, sentimita kadhaa kupita mstari uliochorwa kiwandani, kwa sababu mwani umeshaota pale ambapo mbunifu alidhani patakuwa pakavu daima.